Kuhara kwa mwenye kinga dhaifu: siku ya tatu isimkute nyumbani

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, mtu akianza kutapika na kuhara, jibu la kwanza ni lile lile: itapita tu. Na mara nyingi inapita kweli. Kijana mwenye afya analala siku moja au mbili, anakunywa chai, siku ya tatu anarudi kwenye pikipiki yake au kwenye meza yake ya soko. Lakini kwa mwenye kuishi na virusi vya Ukimwi bila dawa, kwa mtoto mwenye bwaki, au kwa mgonjwa anayetibiwa kansa, virusi vile vile vinaweza kubaki ndani ya tumbo kwa wiki, kwa miezi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Tofauti hiyo haijulikani sana kwa wakaaji. Katika eneo letu, ambapo kipindupindu kinarudi karibu kila mwaka, watu wamezoea kupima hatari ya kuhara kwa kasi yake: ikija kwa nguvu, wanakimbia kituo cha afya; ikija polepole, wanangoja. Kwa mwenye kinga dhaifu kipimo hicho kinadanganya. Kuhara kidogo kidogo kunakoendelea kunaweza kumwondoa duniani kama kule kunakokuja kwa kishindo, ila kunachukua muda mrefu zaidi.

Virusi gani hivyo?

Si kila kuhara kunaletwa na virusi. Kipindupindu kinaletwa na bakteria, na amiba ni kimelea. Lakini sehemu kubwa ya kutapika na kuhara kunakozunguka nyumbani, shuleni na kambini ni kazi ya virusi, na viwili ndivyo vinavyojulikana zaidi.

Cha kwanza ni norovirusi. Jina lake limetoka Norwalk, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, ambako wanafunzi wa shule moja ya msingi walishikwa na kutapika mwaka 1968. Miaka minne baadaye, 1972, watafiti walikiona kwa darubini ya elektroni. Leo kinakadiriwa kuwapata watu milioni 685 kila mwaka duniani, na milioni 200 kati yao ni watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Hakihitaji vumbi kubwa wala uchafu mwingi: chembe chache, chini ya ishirini, zinaweza kutosha kumgonjesha mtu.

Cha pili ni rotavirusi, kilichogunduliwa Melbourne, Australia, mwaka 1973, na Ruth Bishop na wenzake. Hiki kinawapiga zaidi sana watoto wadogo. Kuna na vingine, kama adenovirusi na astrovirusi. Kwa wale ambao kinga yao imeshuka kabisa, kuna kimoja kinachoitwa sitomegalovirusi. Watu wengi wanakibeba tangu utoto bila kujua, na kinaamka wakati askari wa mwili wamekwisha. Kinaweza kutoboa vidonda ndani ya utumbo na hata kupofusha macho.

Kwa nini tumbo ndilo linaloanza kushindwa

Wengi wanafikiri kinga ya mwili iko ndani ya damu peke yake. Kwa kweli sehemu kubwa sana ya askari hao inakaa kwenye ukuta wa utumbo, kwa sababu huko ndiko kila siku tunaingiza chakula, maji na wadudu wa kila aina. Virusi vya Ukimwi, au SIDA kama wengi tunavyosema, vinaanza kushambulia hapo hapo. Katika wiki za kwanza tu za maambukizo, vinaua kwa wingi chembe za CD4 zilizo kwenye utumbo, hata kabla mtu hajahisi ugonjwa wowote.

Ndiyo maana kuhara kulikuwa moja ya sura za kwanza za Ukimwi katika Afrika yetu. Mwaka 1985 waganga walieleza ugonjwa uliokuwa ukiwakondesha watu wa Rakai, kusini mwa Uganda, kwa kuhara kusikokoma. Wenyeji waliuita “Slim”, kwa sababu mgonjwa aliisha akabaki mifupa. Hata leo, katika madaraja ya ugonjwa yanayotumiwa na OMS, kuhara kunakopita mwezi mmoja bila sababu kujulikana kunatosha kumweka mwenye virusi katika daraja la tatu kati ya manne.

Mtu mzima mwenye afya ana chembe za CD4 kati ya 500 na 1500 hivi katika kila tone dogo la damu linalopimwa. Zikishuka chini ya 200, waganga wanasema ugonjwa umefika mbali. Chini ya 50, ndipo sitomegalovirusi inapopata nafasi.

Lakini Ukimwi si sababu pekee ya kinga dhaifu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, ule unaoitwa bwaki katika vijiji vya Kivu, hana nguvu ya kupigana. Mtoto aliyetoka kuugua surua naye anabaki wazi kwa magonjwa mengine kwa muda mrefu, kwa sababu surua inafuta kumbukumbu ya kinga. Tusisahau kwamba mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2018 uliua zaidi ya watu 6000 nchini mwetu, wengi wakiwa watoto. Kuna pia wagonjwa wa kansa wanaopewa dawa kali, wenye kisukari, wazee, na wale wanaomeza dawa za kushusha kinga kwa amri ya muganga.

Na kuna kundi moja ambalo halijihesabu: wanaomeza vidonge vya kunenepesha vyenye deksametazoni, vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya muganga. Dawa hiyo ina kazi yake hospitalini. Ikimezwa kila siku kwa ajili ya kupata mashavu na makalio, inashusha kinga polepole, na mwenye kuimeza hajui kwamba sasa naye yuko katika orodha hii.

Nyumba moja, magonjwa mawili

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu saba. Mtoto anarudi kutoka shule akitapika. Usiku baba anashikwa, kesho yake dada mkubwa. Siku ya tatu wote wamesimama. Shangazi yao, anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi lakini alizikosa miezi miwili kwa sababu ya kukimbia vita, ameshikwa siku moja na wao. Siku ya tatu bado anahara. Siku ya kumi bado. Nyumba nzima inasema: sisi tulipona bila dawa, kwa nini wewe? Wengine wanaanza kutafuta mchawi.

Mchawi hayupo. Kwa mtu mwenye kinga kamili, norovirusi inakaa siku moja hadi tatu, kisha mwili unaifukuza. Kwa mwenye kinga dhaifu, mwili hauna wa kuifukuza. Kila siku utumbo unashindwa kunyonya chakula, mtu anapoteza maji, chumvi na kilo. Kukonda nako kunashusha kinga zaidi, na kinga ikishuka virusi vinazidi kustarehe. Duara hilo ndilo linaloua.

Hakuna dawa maalum inayoua norovirusi, na hakuna chanjo yake iliyoruhusiwa hadi sasa. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi, tiba ya kweli ni kuirudisha kinga, maana yake kumeza ARV bila kukosa. Chembe za CD4 zikipanda, tumbo nalo linapata askari wake.

Kosa la kuacha ARV kwa sababu ya kutapika

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anatapika, anaona vidonge vinamchafua moyo, anaamua kupumzika navyo mpaka tumbo litulie. Siku mbili zinakuwa wiki mbili. Wakati huo virusi vya Ukimwi vinaanza kuongezeka tena ndani ya damu, na kinga iliyokuwa imepanda inaanza kushuka.

Kanuni ni hii: usiache dawa kwa uamuzi wako. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, muulize muuguzi wa kituo chako kama unapaswa kurudilia kipimo. Mwambie pia dawa nyingine zote unazotumia. Wengi leo wanapewa kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinaizuia dolutegravir kuingia vizuri mwilini. ARV inapaswa kumezwa saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Nayo tenofovir inapita kwenye figo, na figo la mtu aliyekaukiwa maji tayari lina shida. Usiliongezee mzigo kwa kumeza diclofenac au ibuprofen kwa ajili ya maumivu ya tumbo.

Kwa wanaokimbia, na katika Kivu na Ituri tunajua kukimbia ni nini, kadi ya matibabu na kopo la ARV viwe katika mfuko wa kwanza kubebwa. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, na Marekani kusimamisha misaada yake mwezi wa Januari mwaka huo, njia za dawa zimeyumba sehemu nyingi. Ukifika mahali pengine, tafuta kituo chochote kinachotoa ARV, uonyeshe kadi. Usingoje kurudi kwako.

Kunywa kunaanza saa ya kwanza

Kinachoua upesi katika kuhara ni kukaukiwa maji. Goma haijasahau Julai 1994, wakati karibu wakimbizi elfu 50 kutoka Rwanda walikufa katika mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa iliyokuwa inahitajika zaidi ni maji yenye chumvi na sukari.

Paketi za SRO zinapatikana katika vituo vya afya na farmasi. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtu mzima anywe kikombe kimoja hadi viwili kila baada ya kuhara. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole. Maji hayo yakipita saa 24, yamwage na kutengeneza mengine. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mtoto mwenye bwaki ni jambo tofauti. Mwili wake hauwezi kubeba chumvi nyingi, na katika vituo vya lishe wanatumia mchanganyiko wa aina yake. Huyo asitibiwe nyumbani kwa kukisia. Apelekwe siku hiyo hiyo, huku akinyweshwa kidogo kidogo njiani. Watoto wote wanaohara wanapaswa pia kupewa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi sita.

Farmasi ya mtaa si maabara

Mtu akihara, wengi wanapita farmasi ya kona kununua metronidazole, tetracycline au dawa ya kufunga tumbo. Antibiotiki haiui virusi. Inapotumiwa ovyo, inaua wadudu wazuri wa utumbo na kuwafundisha wabaya kuzoea dawa. Dawa za kufunga tumbo nazo zinaweza kuficha hatari, zaidi sana kukiwa na damu au homa.

Kwa mwenye kinga dhaifu kuna sababu nyingine ya kutokisia. Kuhara kwake kunaweza kuwa virusi, lakini kunaweza pia kuwa kimelea kinachotibika, au kifua kikuu cha tumbo. Choo chake kinapaswa kupimwa. Muganga anaweza pia kuomba hesabu ya CD4 na kipimo cha wingi wa virusi katika damu, ili kujua kama ARV bado zinafanya kazi.

Mikono, ndoo na Javel

Anayemhudumia mgonjwa ndiye mara nyingi anayebeba virusi. Mtu aliyepona norovirusi anaendelea kuvitoa kwenye choo chake kwa wiki mbili au zaidi, ingawa anajisikia mzima. Kwa hiyo aliyetoka kuhara asipike wala kugawa chakula mpaka zipite angalau siku mbili tangu kuhara kukome. Hata baada ya hapo, anawe mikono kwa sabuni kila atokapo chooni.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: vile vitakasa mikono vya alkoholi tulivyovizoea wakati wa korona havina nguvu ya kutosha dhidi ya norovirusi. Maji na sabuni ndiyo yanayofanya kazi, kwa kusugua na kusuuza.

Matapishi yasifagiliwe yakiwa makavu. Yafunikwe kwa kitambaa au majivu, yaondolewe, kisha mahali pale pamwagiwe klori. Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina wanakumbuka ndoo za klori zilizokuwa mlangoni pa kila ofisi wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Kwa sakafu na choo, Javel yenye nguvu ya asilimia 5 inachanganywa kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, inaachwa dakika kumi, kisha inasuuzwa. Mchanganyiko huo si wa kunywa wala kuoga, na usichanganywe na siki au dawa nyingine ya kusafishia.

Kwa maji ya kunywa ya mgonjwa, yawe ya ziwa, ya bomba au ya mvua, kuchemsha ndiko kwa uhakika zaidi. Yakianza kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja. Katika vijiji vya milima ya Lubero na Masisi vilivyo juu ya mita 2000, yaache dakika tatu. Kuchuja kwa kitambaa kunaondoa uchafu unaoonekana, virusi vinapita.

Chanjo na siri

Dhidi ya rotavirusi, silaha ipo. OMS iliipendekeza chanjo hiyo kwa nchi zote mwaka 2009, na Congo ilianza kuitoa mwaka 2019. Ni matone ya mdomoni, yanaanza mtoto akiwa na wiki sita. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asiogope: mtoto wake naye anapaswa kuipata. Ni watoto wachache sana, waliozaliwa na upungufu mkali wa kinga wa kurithi, wasiopaswa kupewa.

Jambo la mwisho ni aibu. ONUSIDA inakadiria kwamba karibu watu nusu milioni wanaishi na virusi vya Ukimwi katika nchi yetu. Wengi wao wanaingia kituo cha afya na kuhara, wanaulizwa kama kuna ugonjwa mwingine, wanajibu hapana, kwa sababu jirani anasikiliza. Muuguzi anawatibu kama mtu yeyote, anawarudisha nyumbani. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wenye kuishi na virusi hivyo. Mgonjwa ana haki ya kuomba kusemea kando, na kilichosemwa kibaki hapo. Muuguzi naye ana wajibu wa kumpa nafasi hiyo, hata kama ni nyuma ya pazia la hema.

Wakati wa kutongoja

Mwenye kinga dhaifu, au mzazi wa mtoto mwenye bwaki, asingoje hata siku ya pili akiona moja ya haya: choo kama maji ya mchele, damu, homa kali, kutapika kila anachokunywa au kila kidonge cha ARV, macho kuzama, kukosa mkojo kwa saa sita na zaidi, kuchanganyikiwa, au mtoto kushindwa kunyonya. Kusipokuwa na dalili hizo, aanze SRO saa ile ile, aendelee na dawa zake, na kuhara kukifika siku ya tatu awe tayari mbele ya muuguzi, na kadi yake mkononi.